Mto Uliosajiliwa kwa Jina la Maji

Jumanne iliyopita, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi hapa Arusha. Mbele yangu mzee mfugaji aliomba kibali cha kunywesha ng'ombe katika Mto Oloirien, kabla mzungu mwenye shamba jirani hajazungusha seng'enge.

"Mto Oloirien haupo," karani alisema, kidole kikiwa juu ya ramani.

"Haupo? Jana ng'ombe wangu wamekunywa nini, bwana karani?"

Karani aligeuza ramani. Mstari wa buluu ulishuka kutoka Mlima Meru hadi ziwani, na kando yake iliandikwa "Mto Engare". Mzee alicheka mpaka akashika kaunta. Engare, kwa Kimaasai, ni maji. Bila shaka mpimaji alinyoosha kidole mtoni, akauliza ni nini, akajibiwa kwa adabu.

"Nikiandika hilo, mtanipa maji yote ya nchi?"

"Lete shahidi aliyesoma, athibitishe kuwa ni mto uleule."

Mzee akanigeukia. "Binti, wewe una miwani. Tia sahihi kwenye fomu hii."

Nilikataa. Mto wenyewe sikuwahi kuuona, na kwenye ramani ile tayari palikuwa na kosa la msomi mmoja.

Kesho yake asubuhi nilitembea na mzee kutoka chemchemi, penye mizeituni mwitu iliyoupa mto jina la Oloirien, hadi ziwani. Ng'ombe wakaanza kunywa. Nikaweka fomu juu ya goti, nikatia sahihi.