Kitabu Chekundu na Maji ya Bi Mwanahawa

Mkicheka chekeni, lakini chekeni polepole, kwa maana habari hii sijawahi kumsimulia mtu mwanzo hadi mwisho, hata mke wangu anaijua vipande vipande tu, na kila kipande nilikilainisha kidogo kabla ya kumpa. Nilijiaibisha mbele ya wakwe, tena si kwa ulevi wala kwa wizi, bali kwa kitabu. Ndiyo, kitabu, kimoja cha vile vya kumwonyesha mgeni mjini alale wapi, ale wapi na apite njia gani.

Wakati huo Mwingereza bado yupo, na mimi ni fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale Kisarawe, kijana niliyesoma hadi darasa la sita, Kiingereza nakikamata kwa shida lakini nakikamata, na nadhani kiburi kilianzia hapo. Nilikuwa nimeposa Kurui, kwa binti anayeitwa Zena. Baba yake alikwisha fariki, kwa hiyo msemaji alikuwa mjomba wake, Mzee Kondo (na kwetu hata baba akiwapo, mjomba hapuuzwi), naye kilemba changu cha posa, kile kitambaa cha heshima ya mjomba, alikwisha kukipokea. Lilibaki jambo moja tu, nikaonwe na dada mkubwa wa mjomba huyo, Bi Mwanahawa, aliyemlea Zena tangu mdogo na ambaye alikuwa akikaa Dar es Salaam, Kariakoo. Akinikubali, ndoa. Akinikataa, hakuna ndoa.

Mzee Kondo akaniuliza, "Omari, Dar es Salaam unaijua?"

Hapo, jamani, mtu mwenye akili zake angesema sijui, kwa sababu nilikuwa nimefika mara mbili tu, zote kufuata nyuzi na vifungo na kurudi na lori lile lile. Mimi nikasema, "Mzee, naijua yote, na hoteli ya kula nitakupeleka ile iliyo bora kuliko zote." Habari za hoteli nani aliniuliza? Ulimi tu ulikuwa unaniwasha.

Basi nikarudi barazani nikihangaika. Yule Mhindi alikuwa na kasha la karatasi kuukuu za kufungia sukari na bizari, na ndani yake nilikuwa nimeona vitabu viwili vya Kiingereza vya kuwaongoza Wazungu wanaoshuka melini. Nikamwomba anipe kimoja, akaniambia nichague. Kimoja kilikuwa chembamba, jalada lake karatasi laini, kina ramani katikati. Cha pili kilikuwa kinene, jalada jekundu gumu, maandishi ya dhahabu, na hoteli zake zimewekewa nyota, nyingine moja, nyingine tatu. Nikavipima mkononi kama mtu anayechagua nazi, nikachukua kizito. (Baadaye ndipo nilipojua kwamba kile chembamba kilikuwa cha juzijuzi, na changu kilichapwa kabla ya vita. Mwaka wa kuchapwa mimi sikujua kama huwa unatazamwa.)

Wiki tatu nzima nilikisoma kitabu kile, mguu uko kwenye cherehani na jicho liko kwenye ukurasa. Nikakariri mitaa. Nikakariri nyota. Na kulikuwa na sura nzima ya kulinda afya, inasema usile mboga mbichi, usinunue tunda lililokwisha menywa, na katika nyumba za wenyeji usinywe maji kabla ya kuuliza kama yamechemshwa. Nami nasoma huku natikisa kichwa kuitikia, kana kwamba aliyeandika alinifikiria mimi, mtu niliyekunywa maji ya kisima tangu kuzaliwa.

Siku ya safari tukapanda lori, tukapita Pugu, tukateremka mjini jua linaanza kukolea. Mzee Kondo alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. "Twende moja kwa moja kwa dada," akasema, "anatungoja na chakula." Nikamwambia, "Hapana Mzee, kwanza nikupeleke hoteli, tusiende kwa watu na njaa." Nisingekubali nyota zangu ziende bure.

Hoteli ya kwanza tukakuta ni ghala la ngozi, na ile harufu yake siisahau. Ya pili ilikuwa duka la baiskeli. Mzee akasema, "Tumuulize yule muuza kahawa." Nikasema hakuna haja, kitabu kinatosha, tukazunguka tena, kanzu ya Mzee imeloa jasho mgongoni, na yule muuza kahawa, tulipompita mara ya tatu, akaanza kutuamkia kama watu wa mtaani kwake. Ya tatu, ile yenye nyota tatu, ilikuwepo! Nikafurahi, nikapanda ngazi kifua mbele. Mlangoni amesimama mtumishi mwenye kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, akatutazama, akauliza, "Mmeleta mzigo wa nani?"

"Tumekuja kula," nikasema.

Akageuka kutazama ndani, kisha akashusha sauti, na alikuwa anatuhurumia kweli. "Ndugu zangu, humu wanakula Wazungu. Tokeni kabla hamjafukuzwa, mzee wa watu asije akaaibika."

Wazungu waliokuwa wamekaa upenuni walikwisha kutugeukia. Tukashuka. Mzee Kondo hakunigombeza, alifungua mwavuli wake akasema, "Omari, hicho kitabu chako kinajua kwamba kinasomwa na wewe?" Ningekitupa hapo hapo ningepona, lakini nilikitia kifuani, ndani ya shati.

Kwa Bi Mwanahawa tulifika alasiri. Chakula kilikuwa kimefunikwa kwa kawa tangu adhuhuri, na ua umejaa majirani waliokuja kumtazama mchumba wa Zena, kina mama wamekaa mkekani, wamejipamba, wamechoka kungoja na bado wanatabasamu. Nikaamkia, shikamoo kwa kila mmoja, wakaitikia vizuri, nikaanza kuona labda mambo yatatengenea. Bi Mwanahawa akainuka mwenyewe. Hakutuma mtu. Akaenda kwenye mtungi, akateka, akaniletea bilauri kwa mikono miwili, na maji yananukia, kwa sababu mtungi ulikuwa umefukizwa ubani kwa ajili yangu.

Nami nikataka nionekane msomi. Nikaishika bilauri, nikaitazama juani, nikauliza kwa sauti ya kusikika ua mzima, "Bi mkubwa, yamechemshwa haya?"

Mama mmoja alicheka kidogo akidhani ni mzaha, akaona uso wangu, akaacha. Bi Mwanahawa alikuwa bado amesimama, mikono yake iko vile vile ilivyokuwa imeshika bilauri. Nikajitia kueleza, kwamba ni mambo ya afya, kwamba imeandikwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama, hata kitabu chenyewe nikakitoa kifuani kama shahidi wangu.

Mzee Kondo akasema, "Tusomee hapo ulipopaona."

Nikafungua. Nikafasiri neno kwa neno: mgeni asinywe maji katika nyumba za wenyeji kabla ya kuuliza.

"Wenyeji ni akina nani?" akauliza.

"Ni sisi, Mzee."

"Na wewe?"

Jamani, swali dogo namna hiyo. Nilitazama ua ule, mikeka iliyofagiliwa, kawa lililofunika wali wangu, na nikaona kwamba wiki tatu zote nilikuwa nimekaa upande wa watu wa melini nikijifunza kujihadhari na mama yangu mzazi. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nakohoa peke yangu. Nikainua bilauri nikayanywa yote, nikaomba nyingine, nikainywa hadi maji yananitiririka kidevuni.

Bi Mwanahawa akaipokea bilauri tupu. "Haya umekunywa kwa fedheha, mwanangu," akasema taratibu. "Mimi nilikuletea ya heshima." Kisha akatupakulia chakula, akatuhudumia vizuri kabisa, kama wageni wa kupita, na hapo nikajua nimekwisha.

Haukupita mwezi, Mzee Kondo akaja Kisarawe mwenyewe, akakaa barazani, akanirudishia kilemba changu kimekunjwa vizuri. Akasema hana chuki nami, ila dada yake amekataa kumtoa mtoto kwa mtu atakayemwonea haya. Sikubisha.

Tangu hapo nimesafiri sana, Morogoro, Tanga, hata Mombasa, na vitabu vya namna hiyo nimevishika tena, sivichukii, natazama kwanza kimechapwa lini na kimeandikiwa nani. Lakini nikifika mji wa watu naweka mzigo chini, naamkia, nasema mimi mgeni, sijui njia. Nikipewa maji nakunywa. Kuuliza ni baadaye.

Zena aliolewa Magindu. Miaka mingi baadaye tulikutana sokoni Kisarawe, yeye na wanawe, tukaamkiana, tukaulizana hali za nyumbani. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kuwasifu watoto wake. Alipokuwa anajitwika kikapu chake ndipo akaniambia, bila hasira yoyote, "Mimi nilikwisha kubali, Omari. Ungekunywa tu."