Halbadiri na Sheria za Babeli

Shangazi yangu huwaambia wageni kwamba nimesoma sheria. Nimeacha kumsahihisha. Nilisoma historia ya kale, na tasnifu yangu ilihusu sheria na dini za watu walioishi kando ya mito: Wababeli, Wasumeri, Wamisri. Shangazi alipomweleza jirani, alisema "sheria za zamani," na kufikia Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, neno "zamani" lilikuwa limeshadondoka njiani. Watu wa Mayfair, mtaa wetu wa wahamiaji hapa Johannesburg, wakaanza kuniletea makaratasi yao ya ukimbizi na mikataba ya vyumba. Ninayasoma yote mara mbili, kisha ninalala nikiwaza kama nimemwangamiza mtu.

Nyumba yetu ni ya kizamani, ya vyumba vinne na choo kimoja. Chumba cha nyuma alikuwa amepanga dada mmoja msusi kutoka Bukavu, Mkristo, aliyeimba nyimbo za kanisani akipika. Yeye na shangazi walipatana. Shangazi alimfundisha kukaanga kachori, naye akamsuka shangazi kila mwezi na kukataa malipo.

Halafu bangili za shangazi zikapotea. Zilikuwa mbili, za dhahabu, alizovalishwa siku ya harusi yake Tanga. Alizivua kando ya sinki atawadhe, akapigiwa simu, akazisahau. Aliporudi hazikuwepo. Asubuhi ile tulioingia bafuni tulikuwa mimi, yeye na dada wa Bukavu, pamoja na fundi bomba, ambaye hakuna aliyemkumbuka mpaka baadaye sana.

Polisi shangazi hakuwataka. "Wataniuliza kibali kabla hawajauliza bangili," alisema. Akasema atasoma Halbadiri.

Kwa asiyekijua, hiki ni kisomo chenye majina ya watu wa vita vya Badri. Kwetu pwani, mtu akiibiwa hutangaza kwamba kitasomwa, na mwizi hupewa nafasi ya kurudisha. Asiporudisha, tunaamini atavimba, au atapooza, au akili itamruka. Mara nyingi hakisomwi kabisa, maana kitu hurudi chenyewe, kimetupwa mlangoni usiku. Bangili hazikurudi. Jumapili baada ya alasiri ustadhi akaja na wenzake, ubani ukafukizwa, na kikasomwa sebuleni. Ustadhi alisema wazi kabla ya kuanza: "Hii ni dua. Hatumtaji mtu na hatumdhani mtu."

Mimi nilikaa jikoni nikijipapasa tumbo. Sikuchukua bangili, ninajua. Lakini je, nilizisukuma bila kujua zikaanguka kwenye tundu la sinki? Je, kisomo kinatofautisha mwizi na mzembe? Nilikunywa maji, nikahisi tumbo limejaa, nikaogopa.

Jumatatu asubuhi dada wa Bukavu alitoka chumbani shavu moja likiwa limevimba kama andazi.

Shangazi alimtazama, akarudi kwenye chai yake. Jirani aliyekuwa amekuja kuazima chujio alilirudisha mezani, akaondoka mikono mitupu, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari.

Na mimi nilijua. Jumamosi, kabla ya kisomo, dada alikuja jikoni ameshika taya. "Jino iko inanisumbua," alisema, nami nikampa karafuu za kutafuna. Nilikuwa shahidi. Nilikwenda kwa shangazi.

"Shangazi, jino linamuuma tangu juzi. Mimi ndiye niliyempa karafuu."

"Nimesema nini mimi?"

"Hujasema, lakini watu..."

"Nimemtaja mtu? Ustadhi kamtaja mtu?"

"Hapana."

"Basi, mwanangu. Mimi mwizi simjui. Anayemjua ni Mungu." Akaendelea kuchambua mchele.

Nikakumbuka tasnifu yangu. Katika sheria za Babeli, mtu akimshitaki mwenzake uchawi bila ushahidi, mshitakiwa hutumbukizwa mtoni, na mto, ambao kwao ulikuwa mungu, ndio unaohukumu. Akizama, mshitaki huchukua nyumba yake. Akitoka salama, mshitaki huuawa, na aliyetoka huichukua nyumba ya mshitaki. Darasani tuliiita sheria ya kikatili, na mimi niliandika kurasa nyingi kuhusu ukatili huo. Lakini walau mshitaki alikuwepo, ana jina, na anahatarisha shingo yake. Nyumbani kwetu hakukuwa na mshitaki. Ningemtetea dada wa watu dhidi ya nani?

Jioni akanigongea mlango.

"Weye mwanasheria, waambie. Banasema Mungu yenu amenipiga."

"Mimi si mwanasheria, dada."

"Kwa hiyo ulisoma nini miaka yote ile?"

Nikamweleza. Sikuwa na kingine cha kumpa. Alisikiliza habari ya mto mpaka mwisho, kisha akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana ule mwingine ulikataa.

"Basi munipeleke ku mto! Miye nimekulia ku ziwa, ninajua kuogelea. Na nikitoka, ile chumba ya shangazi yako yenye dirisha kubwa ni yangu."

"Joburg haina mto wa maana."

"Eish," akasema. "Hata mto hamuna."

Alipanga foleni kliniki, wakamng'oa jino, na baada ya siku chache shavu likarudi lilivyokuwa. Nilifurahi kama mjinga. Niliona ametoka majini. Lakini dukani nilimsikia mama mmoja akisema, "Uvimbe umepungua kwa kuwa kaogopa. Subirini, atazirudisha." Sasa kuvimba kulikuwa ushahidi, na kupona kulikuwa ushahidi.

Shangazi hakumfukuza. Alimsalimia kila asubuhi. Ila alihamishia sufuria yake rafu ya juu, akaanza kujifungia bafuni kwa ufunguo, na nywele akaenda kusukwa kwingine. Wateja wa dada nao wakapungua mmoja mmoja. Mwisho wa mwezi alipakia godoro lake kwenye pikapu akahamia mtaa wa Bertrams, na hilo nalo mtaa ukalihesabu kuwa ni kukiri.

Nikamtafuta fundi bomba. Simu yake haikupatikana. Na humo ndimo kichwa changu kinamokwama mpaka leo: lile jino ninalijua, bangili sizijui. Nimemtetea kwa kila mtu kuhusu shavu. Kuhusu bangili sina nilichokiona, na nikiwa peke yangu huwa najiuliza, kisha naona haya kwa kujiuliza.

Juzi nilikwenda kumtembelea dada. Alinipeleka hatua chache kutoka anakokaa, mahali ambapo maji hutokea chini ya saruji na kupita kwenye mfereji. Kulikuwa na chupa, kiatu kimoja na mfuko wa mkate. Maji hayakufika kifundo cha mguu.

"Ulinidanganya," alisema. "Mto yenu ni hii."

"Humu hazami mtu."

"Hazami. Anavunjika mguu tu." Akanigeukia. "Zile bangili, zilionekana?"

"Bado."

"Ninaziombea ku kanisa kila juma. Mwambie shangazi. Mwambie niko naziombea sana kumupita yeye."

Nilimwambia shangazi jioni ileile. Alikuwa amekunja mikono ya gauni, anakwenda kutawadha kwa sala ya magharibi. Alisimama mlangoni mwa bafuni.

"Jino lake limepona?"

"Limepona, shangazi."

"Alhamdulillahi," alisema, na alisema kwa moyo, namjua. Halafu akaingia, akafunga, nami nikasikia ufunguo ukizunguka.