Tulimsifu Mkali

Wazo lile lilikuwa langu. Wazee wote wamekwenda mbele ya haki, ningeweza kuwatwika wao nikalala salama, lakini sitaki. Lilikuwa langu.

Miaka ile ya vita vya shifta nilikuwa nikipeleka maziwa ya ngamia kwenye kambi ya jeshi hapa Garissa. Kiswahili nilijifunzia pale jikoni, kwa wapishi walionicheka kila niliposema "bole bole" badala ya "pole pole". Nami niliwacheka: wanaume wazima na bunduki zao, wanaogopa maziwa yenye harufu ya moshi! Lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni tu, maana mume wangu alikuwa ndani ya kambi hiyohiyo, nyuma ya seng'enge. Walimkamata akitoka Wajir na ngamia wetu, wakasema anawapelekea shifta chakula. Wallahi, mume wangu hakuwa na ujasiri wa kumpelekea shifta hata maji ya kunawa.

Kambini kulikuwa na maafisa wawili wakubwa. Mmoja tulimwita Mkali. Akipita sokoni, wanawake walikusanya watoto na vibuyu kwa pamoja na kutokomea. Wa pili tulimwita Mpole, kwa sababu aliitikia salamu. Huyo aliniambia, "Mama, faili la mumeo nimelisoma. Hana kosa. Subiri kidogo, nitamtoa."

Nikasubiri, roho mkononi. Nilichoogopa ni Mkali kulifikia faili lile kabla yake, kwani watu waliopitia mikononi mwa Mkali walipakiwa kwenye lori, na lori likirudi, linarudi tupu.

Siku moja mpishi akaninong'oneza kwamba mkubwa anakuja kutoka Nairobi kuwapima wale wawili. Mmoja atapandishwa cheo. Nami kichwa changu kikaniambia, akipandishwa si atahamia Nairobi? Wakubwa wote si wanakaa huko? Nikaenda mbio kwa wazee.

"Adeer," nikamwambia mkubwa wao, ndugu ya baba yangu, "ngamia anayepiga teke tunamfanyaje sokoni?"

"Tunamsifu mpaka anunuliwe."

"Basi tumsifu Mkali aende zake. Mpole tumseme vibaya, abaki na sisi."

Wakacheka. Ilikuwa miezi mingi sijawasikia wazee wale wakicheka.

Baraza likaitishwa kwenye uwanja wa kambi. Mkalimani wa serikali alikuwa kitandani na malaria, kwa hiyo nikaitwa mimi, na wazee wakanung'unika kidogo kusemewa na mwanamke. Mgeni alikaa katikati, Mkali kulia, Mpole kushoto. Akauliza maafisa hawa wanakaaje na wananchi.

Adeer akasimama na fimbo yake. "Huyu wa kulia ni baba yetu. Hata mbuzi akipotea, anatusaidia kumtafuta."

Nikatafsiri. Mkali aliinamisha kichwa, akanikazia macho, kama anayejaribu kukumbuka ni lini alitafuta mbuzi.

"Na wa kushoto?"

"Huyo ametumaliza. Anapiga wazee. Amechoma nyumba zetu."

Hilo nalo nikalitafsiri, neno kwa neno. Mpole alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo mgeni akasema, "Waambie nitakayemchagua ataongoza askari wote wa mkoa huu. Na atakaa hapahapa Garissa."

Ya Rabi! Nilipowaambia wazee kwa Kisomali, Adeer alikaa chini bila kuambiwa. Hakuna aliyethubutu kurudisha maneno nyuma, kwa sababu kuyarudisha ilikuwa ni kumtukana Mkali mbele ya macho yake. Nikaona nimemkabidhi mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mgeni akafunga daftari, akamgeukia karani wake. Hakujali kwamba namsikia. "Afisa anayependwa hivi na watu wa huku, wakati wa vita, huyo ana lake jambo. Anayelalamikiwa ndiye anayefanya kazi."

Haikupita wiki, Mkali akaondoka na sanduku lake, na Mpole akawa mkuu. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuniuliza nani anaolewa. Kesho yake asubuhi nikabeba kibuyu cha maziwa, zawadi, nikaenda ofisini kwake.

Hakukigusa. "Mama," akasema, "nimechoma nyumba ya nani?"

Nikalia. Nikamweleza yote, ya ngamia wa teke, ya Nairobi, yote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nakuamini," akasema. "Lakini mkubwa wangu ameandika kwamba mimi ni mkali, na kazi hii nimepewa kwa hilo. Ameshaniuliza habari ya watu walio nyuma ya seng'enge. Nikianza kwa kuwaachilia, nitamjibu nini?"

"Bwana mkubwa, ulisema hana kosa."

"Hana," akasema. Akavuta faili, akatia sahihi bila kuniangalia.

Lori lilitoka saa nne asubuhi hiyohiyo. Nilisimama langoni, kibuyu kimejaa vilevile. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma kabisa. Huko ndani walikuwa wamesikia kwamba sasa Mpole ndiye mkuu, na hakuna aliyewaambia zaidi. Aliponiona alinyoosha mkono, akacheka, akanipigia kelele niende nyumbani nikachemshe chai, anakuja.