Seli za Chapuchapu

Kiwandani walimwita Chapuchapu, na mkewe naye alishazoea kumwita hivyo. Mtu gani huyu, hakai kitako. Chai aliinywa amesimama, kikombe mkono huu, funguo mkono ule. Alikuwa msimamizi wa mstari wa mashati: mafundi wameinamia cherehani, yeye nyuma yao anapita na kurudi, "Chapuchapu jamani, chapuchapu." Ukimwambia haraka haraka haina baraka, atakujibu kwamba polepole nayo haijawahi kushona shati.

Aliyeweza kumtuliza ni mmoja tu, dada yake mkubwa. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyemvika viatu na kumburuta mpaka shule. Kwa hiyo siku daktari aliposema uboho ndani ya mifupa ya dada umeharibika, hautengenezi tena damu ya kutosha, na kwamba anahitaji seli mama za damu kutoka kwa ndugu anayelingana naye, Chapuchapu alikuwa ameshakunja mkono wa shati kabla daktari hajamaliza. Akapimwa, akalingana.

"Mnitie seli za huyu?" dada akasema, anacheka. "Si nitakuwa kiguu na njia?"

Hapo ndipo Chapuchapu alipofanya upumbavu wake. Nje ya geti la kiwanda kulikuwa na mchuuzi wa dawa za nguvu, maji ya kahawia kwenye chupa isiyo na hata karatasi. Inaongeza damu, mchuuzi alisema, inaamsha mwili, kila kitu ndani kinafanya kazi maradufu. Chapuchapu akaona afadhali, dada asije akapewa mali dhaifu. Akawa anakunywa asubuhi na jioni mpaka siku ya kutolewa seli. Daktari alimuuliza kama ametumia dawa yoyote. Akasema hapana, maana kueleza kungechelewesha mambo.

Seli zikatolewa, dada akatiwa seli hizo mshipani, kisha akafungiwa chumba chenye dirisha la kioo kwa sababu hakuwa na kinga hata ya mafua. Ikabaki kusubiri. Kama seli zingeshika, dada angepona, zisiposhika, basi. Kila asubuhi Chapuchapu alimvizia nesi kwenye korido.

"Zimeanza?"

"Bado."

"Sasa zinafanya nini humo ndani?"

Nesi alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye subira kuliko wote pale. Siku moja akamhurumia, akamkalisha kwenye benchi. "Sikiliza, kaka. Seli zinazozaliwa na hizi mama ndizo zinazotengeneza protini kwa wingi. Mama zenyewe hutengeneza kidogo kidogo, na ni makusudi, breki iko humohumo ndani yao. Ukizilazimisha kasi, protini zinatoka zimekunjwa vibaya, uchafu unajaa, na seli inapoteza uwezo wake wa kuzaa damu. Breki ikikaza mno nayo ni hasara. Zina mwendo wao. Wataalamu wameliona hilo maabara, kwa panya."

Ya panya hakuyasikia. Alikuwa anaiona ile chupa. Na kasi aliijua: mwisho wa mwezi akiwakimbiza mafundi, mashati hutoka kola upande, yakarundikwa stoo, hayafai kwa lolote.

"Nesi," akasema, kama mtu anayeulizia tu njia, "kuna mtu mmoja, simtaji, alikunywa dawa ya mtaani kabla ya kutoa seli. Itakuwaje?"

Nesi akamtazama kuanzia viatuni. "Huyo mtu akamwambie daktari leo. Mimi sijui chupa ilikuwa na nini, na yeye hajui. Mficha uchi hazai."

Kesho yake nesi akamuuliza, "Yule mtu ameshasema?"

"Ameshasema." Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha hata chembe. Nyumbani alifungua bawaba za mlango mzima akazifunga upya, mpaka mkewe akamwambia, "Baba watoto, kaa basi, unanitia kizunguzungu." Kiwandani aliacha kuhimiza watu, mafundi wakanong'ona kwamba labda anaumwa. Jioni alisimama hospitalini mbele ya dirisha la kioo, akanyanyua simu ya korido ya kuongelea na mgonjwa aliye ndani, akaongea habari za mpira. Dada alikuwa kipara kwa dawa kali alizopewa, midomo imechubuka, lakini macho yaleyale.

"Umekuwa mpole siku hizi," dada akasema. "Nani kafa?"

Akarudi kwenye mpira.

Asubuhi moja daktari akatoka anatabasamu. Seli nyeupe zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye damu, zinaongezeka. Uboho umeshika. Chapuchapu hakuaga, alikimbilia ile simu akamwaga yote, huku analia na kucheka: chupa, mchuuzi, alivyomdanganya daktari, alivyomdanganya nesi. "Dada, nilikuwa nakufa mwenzio. Nilijua nimekuua kwa mikono yangu." Alingoja dada amcheke, kama alivyomcheka maisha yake yote.

Dada hakucheka. Alijiinua taratibu akaegemea mto. "Na kama zingekataa," akauliza, "ungeniambia?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari: ningekuambia, dada, ningekufichaje? Lakini macho ya dada yalikuwa juu yake, na aibu ilimshika.

"Nisingekuambia," akasema. "Ningekuzika nimenyamaza."

Dada akamwambia amtafute daktari sasa hivi, amweleze kila kitu, hata hiyo chupa ailete kama bado ipo.

"Halafu kesho usije," akasema. "Njoo keshokutwa."