Majigambo ya Mdogo Wangu

Jumapili, Februari 1956. Daftari langu linasema mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa sita, ukungu ukabaki umelala juu ya mianzi. Daftari naliamini kuliko kichwa changu. Yaliyobaki naandika kwa kukumbuka, na shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo huenda nakosea.

Mdogo wangu alikuwa amerudi likizo kutoka jeshini, baada ya kukaa mwaka mzima kwenye vita vya Kenya. Katika ukoo wetu, hapa Iringa, askari akirudi haonji ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mpaka asimame ajigambe: ametenda nini, nani alimkimbia. Akimaliza, baba yake humpa kikombe. Baba asipompa, basi amekuwa mgeni kwao.

Siku hiyo tulipokusanyika kunywa, mzee jirani yetu akaanza uchokozi. "Haya, simama. Mhehe akikohoa, makabila mengine yanakaa chini."

Mke wangu ni Mbena. Akajibu huku anamimina, "Tunakaa chini kula, baba. Nyie mnakohoa, sisi tunalima."

Watu wakacheka. Mdogo wangu akasimama na sare yake iliyopigwa pasi.

"Nimechoma nyumba," alisema. "Tuliambiwa ni za adui. Ndani ya moja mlikuwa na bibi na vibuyu vyake vya mbegu. Hakunikimbia, maana miguu yake haikuwa na nguvu. Kwao nao wanasema hakuna kabila kama wao. Mkataba ukiisha, sirudi jeshini."

Kicheko kikaisha.

"Hayo si majigambo," jirani alisema. "Askari halisemi vibaya jeshi lake. Unamwaibisha baba yako."

Mzee huyu nisimwonee. Mwanawe alifia vitani Burma, hakuletewa hata kofia. Kama vita si kitu cha heshima, mtoto wake alikwenda kwa ajili ya nini? Hata mimi nilikuwa natembea sokoni kifua mbele kwa sababu ya sare ile ile ya mdogo wangu.

Baba alikaa na kikombe mkononi, mpaka nikaona hatakitoa.

"Kwenye vita vya kwanza, Mjerumani alinibebesha masanduku ya risasi mpaka mabega yakatoka ngozi," alisema mwishowe. "Bunduki sikushika. Niliporudi nilijigamba hapa hapa kwamba nimepigana, mkanipigia vigelegele. Huyu hakudanganya."

Akaonja, akampa mdogo wangu.

Sijui wengine waliona nini. Mimi nilijivunia baba yangu na mdogo wangu kuliko gwaride lolote nililowahi kuliona mjini.

Jirani hakuondoka, na hilo lazima niliandike. Akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo bibi, alipona?"

"Nilimbeba mgongoni, nikamtoa nje. Mbegu hazikupona."

Mke wangu akaacha kumimina.

Jioni tulikula ugali, kuku, na majani ya maboga. Baba alimwita mdogo wangu wale sahani moja, na jirani naye akanawa mikono, akala nao.