Kidonda Kilipofunga

Miaka ya sabini shangazi yangu alitunzwa katika nyumba ya wazee ya misheni, nje kidogo ya Iringa. Kiharusi kilikuwa kimemlaza, na kisigino chake kikatoboka kidonda chenye shimo. Masista hawakumuuliza dini yake. Kila asubuhi sista muuguzi alikisafisha kwa maji ya chumvi na kukifunga bandeji, na wasaidizi walimgeuza ubavu mchana na usiku asitoke vidonda vingine. Namshukuru Mungu kwa mikono ile hadi leo.

Lakini chumba cha uuguzi kilikuwa cha wenye vidonda tu. Kidonda kikipona, mwenye jamaa hurudi kwao; waliobaki katika nyumba ile ni wasio na mtu. Jamaa yake nilikuwa mimi, mwalimu wa madrasa Mbeya, na mke wangu alishinda sokoni Mbalizi akiuza mchele.

Ramadhani moja nilimkuta sista ameinamia ule mguu.

"Bibi, kidonda chako kimeanza kufunga. Kumbe nacho Mwislamu!"

Chumba kizima kikacheka. Shangazi hakucheka. "Kiambie kifungue, Sista. Mgonjwa hafungi."

Sista alipotoka, shangazi akanishika mkono. "Mwanangu, wewe umesoma. Ni dhambi kumwomba Mungu asiniponye?"

Nilisomeshwa udhu wa mwenye bandeji na sala ya asiyeweza kusimama. Hilo sikufundishwa. Nikamwambia aombe lenye heri.

"Heri yangu ni kugeuzwa," akasema.

Baada ya Idi niliitwa. Ngozi changa ilikuwa imeziba shimo lote. Nikasema bado hawezi kujigeuza.

"Najua, Mwalimu," sista akajibu, macho chini. "Lakini yule pale nje mguu unaoza."

Barazani alikuwa amelala mfugaji kutoka Usangu, nzi wakimzonga. Nani angemnyima kitanda?

Tulipompisha, akamwamkia shangazi. "Shikamoo, mama. Unisamehe."

"Marahaba, baba. Lala. Wakikusafisha, usijikaze, utaumia zaidi."

Nikamfunga shangazi mgongoni kwa kanga, tukashika njia ya kituo cha basi. Alikuwa mwepesi, na pumzi yake ilinipiga shingoni.

"Wewe ukiwa madrasa," akauliza, "na mkeo yuko sokoni, nani atanigeuza?"

"Mungu yupo, shangazi."

"Yupo, namjua. Mimi nauliza mtu."