Blanketi Lililotajwa Bungeni

Blanketi langu lilitajwa Bungeni. Waliolijua wanaweza kushuhudia, ingawa wengi wao wameshatangulia na waliobaki wanajifanya wamesahau. Lilikuwa jekundu, zito, lenye mistari miwili myeusi pembeni. Mama yangu alilinunua mjini Nyeri nilipoolewa, ili nisiende kwa watu mikono mitupu. Kule kwetu juu ya Kiganjo, ukungu ukishuka mwezi wa Julai unakaa wiki nzima bila jua kuonekana, na blanketi si pambo la kitanda.

Katika blanketi hilo nilibebwa nikiwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza. Wanaume walilifunga kwenye miti miwili, wakanishusha mlima kwa zamu hadi barabara kuu, na hapo tukapata pikapu ya mtu wa maziwa iliyokuwa ikielekea mjini. Mtoto alizaliwa kabla hatujafika Gatitu. Hakulia. Nilirudi nyumbani na blanketi, mama mkwe akalifua mtoni peke yake, akalianika, akalirudisha kitandani bila kuniambia neno. Nilimpenda kwa hilo, na nataka lijulikane kabla sijaanza kumsema vibaya.

Wanawake wa kwetu walikuwa na chama chao cha kuezekeana nyumba mabati. Nyumba zote zilipokwisha kuezekwa walitafuta kazi nyingine, wakajenga chumba cha wazazi, cha kujifungulia, kando ya zahanati. Kujenga kulikuwa kwetu. Mkunga na vifaa vilikuwa vya serikali. Serikali ilileta vitanda vya chuma, ikaenda zake. Zahanati yenyewe ilikuwa na dresa mmoja, mtu mpole aliyefunga vidonda na kugawa dawa ya kikohozi. Ukimuuliza habari za kuzaa aliinua mikono juu. "Hiyo siguzi, Mwalimu," aliniambia. "Ikiharibika nitafungwa."

Basi chumba kikakaa, kuku wa jirani wakazoea kutagia humo. Na mimi nikapata mimba ya pili. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni: mkunga awe ndani ya chumba kile kabla ya mwezi wangu kufika. Njia ya Gatitu sikutaka kuiona tena nikiwa nimelala chali.

Mbunge wetu alipofanya mkutano pale uwanja wa shule, nilisimama. Mwanamke, tena mwalimu, tena mwenye tumbo, kusimama mbele ya machifu halikuwa jambo la kila siku, lakini mimi nimezaliwa na mdomo. Nikamwambia, "Mheshimiwa, tunaambiwa katika makadirio ya fedha za serikali chumba chetu kimo. Mbona mkunga hayumo? Hiyo pesa inatibu nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, aliyekuwa mwalimu kabla ya siasa, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa amefumba jicho moja. Akatueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Angemwuliza waziri swali Bungeni. Waziri, maskini, hakijui chumba chetu, kwa hiyo angeuliza mkoa, mkoa ungeuliza wilaya, na wilaya ingemtuma mtu aje aone kwa macho. Ambacho mtu huyo angekiona ndicho waziri angekisoma mbele ya Bunge zima. "Kwa hiyo akija," akasema, "mwonyesheni."

Ah! Neno hilo ndilo lililotuponza. Kwetu, kumwonyesha mgeni nyumba ni kumwonyesha nyumba nzuri. Mambo ya ndani hayaanikwi barazani. Mtoto akilia njaa mgeni akiwepo, anafinywa anyamaze, na chai inatengenezwa kwa maziwa yaliyokuwa ya mtoto huyo.

Afisa alikuja siku ya kazi, mimi niko darasani na darasa la pili. Chifu alikuwa amepata habari jana yake, akawaambia wanawake, na wanawake wakaenda kwa mama mkwe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama. Nilipotoka shule jioni nilikuta kitanda changu kitupu. Nikadhani tumeibiwa.

"Nani amechukua blanketi yangu?"

"Ni mimi," akasema mama mkwe. Alikuwa ametulia kabisa, anamenya viazi. "Iko zahanati. Mgeni alikuja."

Alinisimulia yote kwa raha. Walikuwa wamefagia chumba, wakakipaka chokaa, wakafukuza kuku. Kila mama alileta blanketi lake lililo zuri kuliko yote, na langu ndilo liliwekwa kitanda cha mlangoni kwa sababu ya rangi. Mmoja alileta pazia, mwingine beseni jipya la arusi ya binti yake. Wifi yangu, ambaye ni mkunga hospitalini Kerugoya, alikuwa nyumbani kwa likizo. Mama yake akamwomba avae yunifomu akae mlangoni, kwa sababu si heshima mgeni kukuta nyumba haina mwenyewe. Afisa akamwuliza, "Sista, kazi inaendeleaje?" Wifi akajibu, "Tunajitahidi, bwana." Kisha wakamlisha mukimo na kuku mzima, akala, akaandika, akashukuru, akaenda.

"Ameshiba kweli," mama mkwe akasema. "Ati hajawahi kuona chumba safi kama hiyo wilaya mzima."

Mkwe hafokewi, na sikumfokea. Nilimwambia tu, "Mama, mficha uchi hazai. Na mimi nataka kuzaa." Nikatoka nje, nikalia nyuma ya ghala la mahindi mpaka kamasi zikanishuka. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, ile hasira ya mtu ambaye hana hata mmoja wa kumlaumu, maana hakuna aliyedanganya. Wote walikuwa wamefanya adabu. Kisha nikaenda zahanati, nikabeba blanketi langu, nikarudi nalo begani.

Miaka ile Bunge lilikuwa limeambiwa lizungumze Kiswahili, na hata kina mama waliojifunza Kiswahili katika mashamba ya kahawa ya Wazungu waliweza kulifuata redioni. Siku ya swali letu tulijaa dukani Kiganjo, kwa kuwa redio ya pale ilikuwa na betri mpya. Mwenye duka aliiweka juu ya gunia la sukari. Jibu likasomwa katika habari za Bunge. Waziri alimwambia Spika kwamba swali la mheshimiwa limemshangaza kidogo. Chumba hicho, alisema, ni safi kuliko vingi nchini, kina pazia, kina vitanda vyenye mablanketi mazito, na kina muuguzi mkunga aliyehitimu ambaye anafanya kazi kwa bidii.

Na unajua walifanya nini wale wanawake? Walipiga makofi. Walisifiwa na waziri, tena kwa redio! Mwenye beseni alilalamika kwamba beseni lake halikutajwa. Mama mkwe alinitazama, akaona uso wangu, makofi yake yakaisha.

Kisha mtangazaji akasema mbunge wetu alisimama tena na swali la nyongeza. Nikajua sasa atapasua. Atasema huyo mkunga ni wa kuazima. Lakini wapi! Alimshukuru waziri, halafu akauliza kama waziri anaweza kuliahidi Bunge kwamba muuguzi huyo na vifaa hivyo vyote vitakuwepo hapo siku zote. Waziri akasema ndiyo, anaahidi. Mbunge wetu akakaa. Habari zikaendelea na mambo ya reli.

Jumamosi nilimfuata mbunge nyumbani kwake. Kwenda huko ni kupanda, na mimba ilikuwa imeshakuwa nzito, kwa hiyo nilifika nikiwa nimeiva kwa maneno. Kabla sijafungua mdomo aliniletea kiti mwenyewe.

"Mwalimu, najua umekuja kunitukana."

"Nimekuja kukuuliza kama wewe ni wetu au ni wao. Ulijua hakuna mkunga. Ulishukuru nini?"

Akafumba jicho lake. "Ningemwambia ni uongo, angekasirika, angesema atachunguza. Kuchunguza kwa serikali unakujua. Wewe ungezaa, mtoto angeanza shule, wanachunguza. Sasa ameahidi mbele ya Bunge, na imeandikwa. Mwaka huu makadirio yake yakija mezani, nitamwuliza huyo muuguzi anaitwa nani. Yeye anajua nitauliza."

"Na sasa?"

"Sasa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Rudini, mpange chumba vile afisa alivyokikuta. Msitoe hata blanketi moja. Wakija kuhakikisha, wasikute waziri ni mwongo. Wakikuta hivyo watatafuta njia ya kumtetea yeye, si nyinyi."

Niliteremka mlima nikiwa nimechoka. Ilimaanisha nirudishe blanketi. Baridi ilikuwa imeanza, mume wangu alikuwa anafundisha mbali na kurudi mwisho wa mwezi, na kitanda cha mtu mmoja hakina joto. Sikumwamini mbunge. Nataka niseme ukweli, sikumwamini hata kidogo. Lakini niliwapa wanawake maneno yake, wakarudisha vyao, nami nikalikunja langu, nikalipeleka, nikalitandika kitanda cha mlangoni. Mama mkwe aliniona nikipita. Usiku ule alinivulia shuka lake la mabegani, yeye akajifunika gunia, na nilipokataa alisema, "Wewe ni wawili, mimi ni mmoja."

Siku zikaenda. Kila gari lililonguruma bondeni lilinipeleka dirishani, na watoto wa darasa la pili walijifunza kuniangalia mimi badala ya ubao. Mara nyingi lilikuwa lori la mbao.

Kisha asubuhi moja lilikuja lori la serikali kweli. Lilikuwa na wanaume wawili, kopo la wino mweusi, na mwanamke mrefu aliyekalia sanduku lake la bati, aliyetoka upande wa magharibi na asiyejua neno moja la Kikuyu. Alishuka, akatazama chumba, akauliza kwa Kiswahili, "Maji mnateka wapi?" Ndivyo mkunga wetu alivyofika. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mama mkwe alikwenda akamshika mkono, akawa hauachi.

Wale wanaume wawili walikuwa watu wa stoo. Waziri alikuwa ametaja pazia, vitanda na mablanketi, na vitu vya serikali havikai bila alama. Wakachovya chapa katika wino, wakagonga kila kitu, kimoja baada ya kingine, na beseni la arusi nalo likagongwa. Wanawake walisimama mlangoni wakitazama mali yao ikigeuka ya serikali. Mmoja alifungua mdomo. Mama mkwe akamkanyaga mguu.

Mwezi wangu ulipofika niliamka na uchungu alfajiri, nikafunga kitambaa kichwani, nikatembea kwa miguu yangu mpaka zahanati, mama mkwe nyuma yangu akibeba uji. Mtu mmoja njiani aliuliza kama aite wanaume waje na miti. Nikamwambia miti akajengee choo. Mkunga alinilaza kitanda cha mlangoni. Alikuwa mkali, alinigombeza kama mtoto wa shule, na saa zote hizo hakuniacha. Kabla ya adhuhuri msichana alilia. Alilia kwa nguvu mpaka dresa akatoka kwenye chumba chake kuuliza kuna nini.

Nililia na mimi. Nililia kuliko yeye.

Siku ya kutoka ilikuwa ya manyunyu. Nilikunja blanketi langu, nikaliweka kwapani, nikamchukua mtoto. Mkunga akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hiyo ni ya serikali."

"Hii ni yangu. Mama yangu ndiye aliyeninunulia."

"Kila mama hapa ananiambia hivyo hivyo," akasema. Akaligeuza pembe, akanionyesha ile chapa nyeusi kando ya mistari. "Kesho wakija kuhesabu nitasema nini? Na huyu nimfunike na nini?"

Nilitazama aliponyoosha kidole. Katika kitanda cha pili alikuwa amelala msichana mdogo, mke wa kijana mmoja wa kule ng'ambo ya mto, amejikunja, anauma kona ya khanga yake. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kumbe alikuwa amekuja kwa miguu yake, kama mimi.

Mama mkwe alikuwa ameshavua shuka lake la mabegani na kumfunga mtoto wetu. Nililikunjua blanketi, nikamfunika yule msichana mpaka kidevuni, tukatoka. Mara ya kwanza nilirudi nyumbani na blanketi bila mtoto. Mara hii nilirudi na mtoto bila blanketi, na njia nzima mama mkwe alikuwa ananiuliza kama nasikia baridi, nami namwambia hapana.